Dawa ya Nini

Kufuli la mlangoni kwa Mwaija lilikuwa jipya, na utepe uliopitishwa juu yake ulikuwa umegongwa mhuri mara mbili, kana kwamba mama wa miaka hamsini na nane angeamka usiku, autafune, aingie ndani na kujiibia mali yake mwenyewe. Pembeni lilibandikwa tangazo la ofisi ya kodi lenye jina la duka na namba ya mlipakodi. Chini ya tangazo, mtu ambaye hakuwa na ujasiri wa kuacha jina alikuwa ameandika kwa mkaa: MWIZI. Inspekta Habakuki alilitazama neno hilo kwa muda, na likamkera. Yeye ndiye aliyetumwa kutoka Tanga kuchunguza kama kulikuwa na wizi wowote, na hapa Mkata, kando ya barabara kuu, mpita njia mmoja alikuwa ameshatoa hukumu kwa kipande cha mkaa.

Alimwamkia mwenye duka, shikamoo mama, naye akaitikia marahaba bila kuinuka. Mwaija alikuwa amekaa barazani pake kwenye ndoo iliyopinduliwa, mgeni kwenye duka alilolisimamisha mwenyewe tangu mumewe alipofariki. Nyuma ya kufuli kulikuwa na mbegu za mahindi za msimu unaoanza na chanjo za ng'ombe kwenye friji. Rasharasha zilikuwa zimeshaanza. Kila siku duka likibaki limefungwa wakulima walikwenda kununua mbegu kwingine, na wakulima wakishazoea kwingine si rahisi kuwarudisha.

Kesi yenyewe ilielezeka kwa maneno machache. Mwaija aliuza pembejeo na dawa za mifugo kwa jumla na rejareja, biashara ikakua hadi akasajiliwa VAT. Kila mwezi ritani yake ilipelekwa ofisi ya kodi kwa mtandao, ikionyesha mauzo yanayotozwa kodi hiyo na mauzo yenye msamaha. Dawa ya kupe ina msamaha. Dawa ya minyoo ya mbuzi nayo ina msamaha. Dawa ya meno haina, wala dawa ya viatu. Lakini kwenye mashine ya risiti ya Mwaija vyote hivyo vilikuwa vimepita kwenye kitufe kimoja kilichoandikwa DAWA, na kitufe hicho hakikutoza hata senti. Wakaguzi walipokuja walikuta ritani za mwezi baada ya mwezi zimekosewa kwa namna ileile.

Hapo hakuna aliyebisha. Swali lililomleta Habakuki lilikuwa moja tu: alijua, au hakujua? Aliyekosea bila kujua hurekebisha ritani zake, hulipa kilichopungua pamoja na riba, maisha yakaendelea. Aliyejua akanyamaza hupelekwa mahakamani. Na mama huyu alipoulizwa, badala ya kujitetea kama watu wote wanavyojitetea, alitoa jibu ambalo lingemfurahisha mwendesha mashtaka yeyote.

"Nilijua," alisema. "Mwaka jana nilijua, na mwaka jana huohuo nikarekebisha."

"Ofisi ya kodi haina marekebisho yoyote kutoka kwako, mama."

"Basi kamuulize Mwalimu Raymond ameyapeleka wapi. Mimi nilimkabidhi kila kitu."

Alieleza kwa hasira iliyopangwa vizuri, jambo moja baada ya jingine. Mkwewe Maryamu alinunua dawa ya meno Korogwe, akaona risiti ina mstari wa kodi, akauliza kwa nini ya kwao haina. Mwaija hakulikalia jambo hilo. Alipanda basi hadi Korogwe kwa Raymond, mshauri wa kodi aliyekuwa akimwandalia ritani zake, mtu aliyewahi kufundisha hesabu za biashara na ambaye mji mzima bado unamwita mwalimu. Wakakaa kutwa. Mwaija anataja bidhaa moja moja zilizopita kwenye kile kitufe, Raymond anasema hii inatozwa, hii haitozwi. Mwishowe mwalimu akapiga hesabu ya pengo, akaahidi kutuma ritani za marekebisho na kulipa kwa niaba yake. Mwaija akauza kiwanja alichokuwa amemwekea mwanawe Muhsin, fedha akazituma kwa simu kwa mafungu. Raymond akampigia kumwambia kwamba imekwisha, alale usingizi. Na kweli alilala usingizi, mpaka siku lilipokuja kufuli.

Habakuki alikuwa na maelezo ya Raymond kwenye mkoba, yaliyochukuliwa na polisi wa Korogwe. Yalikuwa mafupi na masafi. Raymond hakujua kosa lolote. Hakuwahi kukanyaga Mkata. Mama alikuwa akimtumia jumla za mwezi kwa simu, dawa kiasi hiki, vitu vingine kiasi hiki, na yeye aliamini kwamba duka la pembejeo linauza dawa za pembejeo. Siku hiyo ya kukaa kutwa haikuwepo. Fedha hakukana kuzipokea. Ulikuwa, alisema, mchango wa harusi ya binti yake.

Mwaija aliposikia hilo aliinuka kwenye ndoo.

"Harusi nilichangia," alisema. "Nilitoa mchango wa kadi ya mtu mmoja, nikaenda, nikala pilau, nikarudi kwangu. Nani anauza kiwanja cha mwanawe achangie harusi ya mtoto wa mtu?"

Ni swali zuri, na Habakuki aliliandika. Ubaya ni kwamba harusi ilikuwepo kweli, miezi ileile, na kamati ilikuwa ikikusanya kwa simu zilezile. Raymond alikuwa amechagua uongo wake kwa akili. Nchi hii watu hukopa ili wachangie harusi, na hakimu yeyote aliyewahi kuwa mwanakamati angeamini.

Akamwomba Mwaija arudie zile dawa walizozitenga siku hiyo, zile za kutozwa. Mwaija alizitaja bila kufikiri: ya meno, ya viatu, ya nywele.

Habakuki alifungua ripoti ya wakaguzi. Dawa ya meno ilikuwemo. Dawa ya viatu ilikuwemo. Dawa ya nywele, ile ya kulainisha wanayopaka saluni, haikuwemo popote, na akamwambia hivyo.

Mwaija alieleza kwamba wasingeweza kuiona. Binamu yake Shamsia alikuwa akiileta kutoka Tanga, yeye anainunua bila risiti na kuiuzia saluni kwa jumla kutoka stoo ya nyuma, haikuwahi kupanda kwenye shelfu, na mashine anaibonyeza mwenyewe. Shamsia alipokwenda Muscat kufanya kazi, mzigo ukakatika. Hata Maryamu alijua tu kwamba kuna maboksi, hakujua yanapita kitufe gani.

"Mama," Habakuki alisema, "hiyo hawakuiona. Ukiitaja unajiongezea deni."

"Umeniuliza nilirekebisha nini. Nikuambie nusu?"

Miaka yote ya kazi hii Habakuki alikuwa amezoea watu wanaopunguza. Huyu alikuwa anaongeza, tena akiwa amekaa nje ya kufuli lake, na hiyo ndiyo iliyomfanya amwamini. Lakini kuamini kwa inspekta hakuingizwi kwenye jalada.

Wakati huo mzee Kimaren, mfugaji kutoka uwanda wa Handeni, alifika barazani na fimbo yake mabegani. Alikuwa ametembea tangu alfajiri na hakuwa na habari za kufuli.

"Mama, nataka dawa."

"Ya nini?" Mwaija aliuliza papo hapo, kwa mazoea ya miaka.

"Ya kupe. Ndama wawili wamevimba tezi."

Mwaija alimwonyesha mlango. Mzee akautazama utepe, akamtazama inspekta aliyekaa na mkoba, akaelewa alivyoelewa. Mwaija akamweleza duka jingine lilipo, akamwambia ndama walioumwa asiwaogeshe tu, amtafute bwana mifugo leo hii awachome sindano. Mzee aliondoka bila kuaga vizuri. Kulikuwa na dawa yake mita chache nyuma ya ule mlango, na hakuna kati yao watatu aliyekuwa na ruhusa ya kuigusa. Habakuki alihisi aibu ambayo haikuwa yake.

Ila lile swali, ya nini, lilimkaa kichwani hadi ndani ya basi la Korogwe.

Aliyekiweka kile kitufe alikuwa Yordani, fundi wa mashine za risiti mwenye kibanda karibu na stendi. Njiani Habakuki alikuwa amempa Yordani sura ya mshirika. Kitufe kisichotoza kodi hakijiwekei chenyewe, na fundi anayelipwa kidogo kuweka mashine anaweza kulipwa zaidi kuiweka vibaya. Nadharia hiyo haikuishi muda mrefu. Yordani alikuwa kijana mwenye vidole vyeusi kwa wino wa karatasi za risiti, na alieleza bila hata kuacha kazi yake. Alimuuliza mama anauza nini. Mama akasema mbegu, mbolea, dawa. Akaweka kitufe cha mbegu, cha mbolea, cha dawa, vyote vya msamaha, na kimoja cha mengineyo chenye kodi.

"Hukuuliza dawa ya nini?"

Yordani alimtazama kama anayeulizwa kama maji yanalowesha. "Kwenye duka la pembejeo, afande? Ningeuliza ya nini tena?"

Hivyo ndivyo kosa lilivyozaliwa, na halikuhitaji mwizi. Kwetu sisi kinachoua kupe ni dawa, kinachosafisha meno ni dawa, kinachong'arisha viatu ni dawa, na kinacholaza nywele kwa kuunguza kichwa ni dawa pia. Lugha yetu haioni taabu yoyote, tunaweka "ya" mbele yake na mambo yanaendelea. Mashine haina "ya". Msichana wa dukani aliposhika dawa ya meno alibonyeza DAWA, kwa sababu ndivyo kitu kinavyoitwa, na hakuna mtu yeyote Handeni nzima ambaye angebonyeza kingine.

Yordani akaongeza jambo. Mwaka jana mama alimpigia simu arudi akigawe kile kitufe, dawa za mifugo na mimea upande mmoja, dawa za matumizi ya nyumbani upande mwingine. Alikwenda, akakigawa, na tangu siku hiyo kodi ilitozwa sawasawa.

Habakuki alimshukuru na kutoka akiwa na hasira zaidi ya alivyoingia. Ushahidi ulikuwa mzuri na ulikuwa mbaya. Ulionyesha mama mwaminifu aliyeziba tundu mara tu alipoliona. Mwendesha mashtaka angeushika ushahidi huohuo na kuugeuza: kumbe alijua tarehe ile, akarekebisha ya mbele, ya nyuma akayafukia. Kila alichofanya Mwaija kwa uaminifu kilikuwa kinasimama mlangoni kumngoja kimkamate. Kilichotakiwa kilikuwa kimoja, kuonyesha kwamba Raymond naye alijua, na kwamba alijulishwa na Mwaija. Kama waliketi pamoja, basi mama hakunyamaza. Na Raymond alikuwa ameshasema hawakuketi.

Ofisi ya Mwalimu Raymond ilikuwa Manundu, hapohapo Korogwe, ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Habakuki alipanda ngazi na Koplo Julius, aliyemwazima kituoni kwa ajili ya kuandika maelezo. Kwenye korido mtu alikuwa amebandika karatasi: USIKOJOWE HAPA. Mwingine alikuwa ameikata ile W kwa wino mwekundu na kuandika juu yake kwa herufi nadhifu: USIKOJOE. Habakuki alisimama. Wino ule aliufahamu. Kwenye maelezo ya polisi aliyoyabeba, Raymond hakuwa ametia saini tu, alikuwa amesahihisha. Alikuwa amehamisha koma. Alikuwa amekata "faini" na kuandika "adhabu". Alikuwa ametoa A moja kwenye neno alilokosea askari, na kutia saini pembeni ya kila sahihisho. Huyu alikuwa mtu anayesahihisha hata mkojo wa watu wengine.

Hapo ndipo Habakuki alipoamua jinsi atakavyomuuliza. Alikuwa amekuja kuhoji. Sasa akaamua kukosea.

Raymond aliwapokea kwa upole, akawapa viti, akaagiza chai. Ukutani kulikuwa na picha ya harusi, binti wa Raymond na mama yake Stefania wakicheka, na Habakuki alijilazimisha asiitazame sana. Alimpa onyo la kisheria, akamwambia koplo ataandika kila neno. Raymond akasema hana wasiwasi na maneno. Yote aliyoulizwa akayarudia kama alivyoyaandika: hajafika Mkata, hakujua, alipokea jumla tu, ule ni mchango. Akaongeza kwamba kitendo cha mama yule kumsingizia kimemuumiza, kwa sababu alimchukulia kama shangazi yake.

Habakuki alitikisa kichwa kwa huruma. Kisha akajikuna kidevu, akajifanya polisi wa kawaida aliyepotea kwenye mambo ya watu.

"Mwalimu, mimi kodi siijui. Nataka kuandika kwenye ripoti yangu ni vitu gani vitolewe kwenye msamaha ili hesabu ya huyu mama ikae sawa. Nisikilize kama nimepatia. Dawa ya meno, inatozwa. Dawa ya viatu, inatozwa. Dawa ya panya, inatozwa. Basi, hizo tatu."

Raymond alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Ya panya toa," alisema. "Hicho ni kiuatilifu. Kina msamaha."

"Ya panya natoa. Zimebaki mbili. Kwa hiyo ritani imenyooka."

"Haijanyooka."

"Wakaguzi wenyewe wameona hizohizo mbili, mwalimu."

"Wakaguzi waliona kilichokuwa kwenye shelfu." Raymond alivua miwani, akaifuta. Alikuwa amemsoma inspekta wake na kuona anamwonea huruma mama wa Mkata, na aliona njia ya kumtoa huruma hiyo na wakati huohuo kumfundisha kazi. Nafasi mbili kwa mara moja. Mtu wa aina yake hawezi kuziacha. "Nakuona unamtetea, afande. Amekuficha. Dawa ya nywele je? Katoni kwa katoni, zote zilipita kitufe hichohicho. Hiyo peke yake ni pengo kubwa kuliko meno na viatu vikijumlishwa. Ukiandika ripoti bila hiyo, watakucheka."

"Sikuijua hiyo," Habakuki alisema. "Koplo, soma ulichoandika nisije nikakosea."

Julius alisoma: makatoni kwa makatoni ya dawa ya nywele, yote yalipita kitufe hichohicho.

"Nimesema katoni," Raymond alisema. "Katoni, zote zilipita. Sahihisha."

Julius akasahihisha. Raymond akachukua kalamu yake nyekundu na kutia saini pembeni, kama kawaida yake. Habakuki alingoja wino ukauke.

"Nani alikuambia habari za dawa ya nywele?"

Raymond alifungua mdomo haraka mno. Mkata nzima inajua, alisema, wanawake wa saluni wote wanajua. Habakuki akamkumbusha kwamba hajawahi kufika Mkata. Halafu akaeleza polepole, kwa sauti ya chini, kwa sababu alikuwa na hasira na hakutaka koplo akose neno. Wanawake wa saluni walijua wamenunua dawa. Hawakujua imepita kitufe gani. Haikuwa na risiti ya manunuzi. Haikukaa kwenye shelfu. Wakaguzi hawakuiona. Jumla zilizotumwa kwa simu zilisema "dawa", hazikusema ya nini. Mtu pekee aliyejua kwamba katoni zile zilipita kwenye kile kitufe alikuwa Mwaija, na alikuwa amemwambia Habakuki asubuhi ile.

"Kwa hiyo alikwambia na wewe," alisema. "Mlikaa. Alitaja bidhaa moja moja, na wewe ukazipanga, hii ndiyo, hii siyo, kama ulivyonipangia mimi sasa hivi. Hata panya uliitoa. Ukapiga hesabu ukajua lipi ni pengo kubwa kuliko mengine. Mtu asiyejua kosa anajuaje ukubwa wake?"

Raymond alitazama karatasi ya Julius. Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, na hakukuwa na kosa la kusahihisha. Baadaye akasema kwa heshima kubwa kwamba anaomba kurekebisha maelezo yake hapo.

"Rekebisha," Habakuki alisema. "Unaijua kazi hii kuliko mimi. Marekebisho hayafuti ya kwanza. Yanawekwa juu yake, na yote mawili yanasomwa."

Mwalimu alirekebisha hadi chai ikapoa. Kwanza walikaa lakini hakuelewa. Kisha alielewa lakini alisahau kutuma. Kisha fedha zilichanganyika na za harusi na alikusudia kuzirudisha, na ukumbi ulikuwa ghali, na watu hawajui ada ya shule za siku hizi. Habakuki alimwacha aseme yote. Alichokuwa anakifikiria ni kwamba mtu huyu alikuwa amekwisha kulifanya lile gumu. Alikuwa amekaa kutwa, akapanga kila bidhaa mahali pake, akapiga hesabu bila kosa. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza na kulipa. Ritani sahihi ilikuwa imekamilika kichwani mwake, ikakaa humo, na mama akaachwa kwenye ndoo. Hilo lilimchukiza kuliko wizi wenyewe. Alimwambia Julius amfunge pingu kwa mbele, na ashuke naye ngazi taratibu ili waliopo dukani chini wamwone.

Kesho yake Habakuki alirudi Mkata. Mwaija alikuwa palepale barazani. Mtu alikuwa ameongeza neno jingine kwa mkaa, na safari hii Habakuki alilifuta kwa kiganja chake kabla ya kuketi. Akamwambia kwamba Raymond yuko mahabusu Korogwe na amekiri kukaa naye, kwamba ripoti itasema alijua na akatoa taarifa kwa mtu aliyemwamini, kwamba hatashtakiwa, na kwamba ripoti ikishawasilishwa kufuli litaondolewa.

Mwaija alipokea habari hizo bila kutabasamu. Akauliza kuhusu kodi.

"Kodi ipo palepale, mama. Ritani zitarekebishwa, na pengo litadaiwa kwako."

"Nililipa."

"Ulimlipa Raymond."

"Nilimlipa Raymond kwa ajili gani? Nilikuwa naomba dua kwake?"

Jibu la kitabu lilimchoma Habakuki mdomo hata kabla hajalisema. Akamweleza kwamba anaweza kumdai Raymond mahakamani, kwamba kuna mpango wa kulipa kwa awamu, kwamba safari hii namba ya malipo itatoka kwa jina lake na atalipa mwenyewe benki bila mtu wa kati. Mwaija alisikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya kitu chake mwenyewe kilichoibwa.

Bado kulikuwa na jambo moja, nalo ndilo lililomfanya Habakuki aje mwenyewe badala ya kupiga simu. Dawa ya nywele. Ofisi ya kodi haikuijua. Kama asingeiandika, deni lingepungua sana, zaidi ya nusu. Lakini dawa hiyo ndiyo kamba pekee iliyomfunga Raymond. Maneno yake mengine yote, hata kukiri kwake, mwanasheria mzuri angeyapangua, mchango, kusahau, kuchanganya. Ukiitoa hiyo, hakuna kitakachobaki cha kuonyesha kwamba walikaa. Na ukiiandika, mama analipa juu yake kodi na riba. Alimweleza yote hayo wazi, akaona aibu kuyaeleza. Kitu kilekile kilichomwokoa ndicho kitakachomgharimu, na hakuna aliyeketi mahali popote akapanga iwe hivyo, ndiyo maana hakukuwa na mtu wa kugombana naye.

"Ukiiacha, Raymond ataponyoka?"

"Ataponyoka. Na wewe utarudi kuwa mtu aliyejua akanyamaza."

"Na kama nisingekuwa na kesi mimi? Kama ingekuwa ni yeye tu?"

"Bila hiyo dawa, hata hivyo angeponyoka."

Basi la Arusha lilipita kwa kishindo, vumbi likatua kwenye utepe, kwenye mkoba, kwenye khanga yake. Mwaija alikung'uta magoti. Aliutazama mlango wake, kisha akamgeukia inspekta, na uso wake ulikuwa umebadilika, kama mtu aliyekwisha kukubali bei.

"Iandike," alisema. "Katoni zote, usipunguze hata moja. Kodi zote nilizolipa maishani zimeniuma, afande. Hii ndiyo nitakayoilipa bila kununa."